Mifupa ya Ras Kitau

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujua kabla hatujajuana, asiyepotelewa na mfupa wa mja wake hata ukilala chini ya mawe. Namshukuru kwa uzee huu alionipa, kwa macho ambayo bado yanausoma msahafu ingawa herufi siku hizi nazitafuta kwa kidole, na kwa subira, ambayo sikuzaliwa nayo. Alinifunza mwenyewe, katika nyumba ya mawe mjini Lamu, nilipokuwa mke wa mtu ambaye hakuna aliyethubutu kuapa kuwa yu hai wala kuwa amekufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, nitasimulia.

Mimi ni mzaliwa wa Kizingitini, mji wa wavuvi katika kisiwa cha jirani. Nililetwa Lamu kwa ndoa katika miaka ya hamsini, msichana aliyekwisha kuhitimu Kurani na kusoma kidogo fikihi kwa mama yake, basi nikajiona nayajua mengi. Mume wangu alikuwa mkata mawe. Kila alfajiri alivuka kwenda kisiwa cha Manda pamoja na mdogo wake, wakakata mawe ya kujengea upande wa Ras Kitau, na jioni hurudi weupe wote wawili kama waliomwagiwa unga.

Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuvua viatu vyake mbele ya watu. Wiki yetu ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu cha kushoto, akaninyooshea mguu. Ulikuwa na vidole sita.

"Cheka sasa," akaniambia, "umalize."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akanieleza kwamba chuoni watoto walimwita Kaa, na kwamba baba yake aliwahi kumpiga mtoto wa jirani kwa jina hilo mpaka wazee wakaja kusuluhisha, na jina likasahauliwa. "Haya ni yako na yangu," akasema. Nikamwahidi.

Mdogo wake, shemeji yangu, alikuwa na maradhi ya akili. Yalikuwa yanakuja na kuondoka. Alipokuwa mzima, kisomo chake cha Kurani kiliwasimamisha wapita njia. Yalipomshika, hakulala, na alilihofu jua. Alisema linachoma viumbe na hakuna anayejali. Aliwafunika kuku wa mama yake kwa makapu, na siku moja alimfunika punda wa jirani kwa mkeka mpya wa wageni, mwenye punda akasimama mlangoni kwetu akipiga kelele, "Bwana, mwambieni punda wangu si maiti!" Tulicheka sana siku ile. Mume wangu alimchukua kazini kwa sababu kazi ilimtuliza. "Akiwa na jiwe mkononi," alikuwa akisema, "husahau jua."

Siku moja shemeji alirudi peke yake, saa ambayo watu wanatoka kusali adhuhuri. Nguo zilikuwa zimerowa mpaka kifuani. Mama mkwe alikuwa akichekecha unga.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amelala," akajibu. "Nimemfunika, jua lisimchome." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Baba mkwe na wanaume wa mtaa walivuka Manda mchana ule ule. Machimbo ya mawe kule ni mengi, mengine yameachwa tangu enzi za mababu na yamemezwa na vichaka. Waliukuta mtaimbo wa mume wangu na mtungi wa maji. Yeye mwenyewe hawakumpata. Polisi walimtia shemeji ndani ya gereza, ile ngome kubwa iliyo katikati ya mji, wakamhoji. Hawakuambulia kitu ila jua na kufunika. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na damu, basi baada ya muda wakamrudisha kwa baba yake. Akawekwa chumba cha chini, mlango ukifungwa kwa kamba nje.

Na mimi ndiye niliyempikia. Nataka msomaji alielewe hilo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa maisha yangu. Mama mkwe hakuweza kumtazama mwanawe, na hakuweza pia kuacha kumlisha, basi sahani aliipakua yeye, nikaipeleka mimi. Shemeji aliipokea kwa adabu zote. "Ahsante, shemeji. Ndugu yangu keshakula?" Nikimjibu kuwa bado, alikuwa akimega sehemu ya samaki na kuiweka pembeni.

Ilipita masika yote. Kisha watu wa Shela, kijiji cha jirani, waliokwenda kukata kuni Ras Kitau waliona mifupa ya mtu ndani ya shimo la mawe, imepangiwa mawe juu kwa utaratibu, kama anayejenga. Wale walikuwa Waislamu, na walifanya lile ambalo Mwislamu hufanya. Hawakumngoja mtu. Waliitoa mifupa ile, wakamwita mwosha maiti wa kwao, ikaoshwa, ikatiwa sanda, wakaisalia na kuizika kabla ya jua kutua. Baada ya hapo ndipo walipokwenda kuitoa habari.

Bwana mkubwa wa polisi, Mzungu, aliwaka hasira. Aliona wamemharibia ushahidi. Walikuja na daktari, kaburi likafukuliwa, na sisi wanawake tuliposikia tulishika vichwa. Daktari akasema huyu ni mwanamume, si mzee, na kichwa kimevunjwa kwa kitu kizito. Huyo mwanamume ni nani, hakuweza kusema. Mifupa midogo ya mikono na miguu ilikuwa imefungwa pamoja katika kipande kimoja cha sanda, imechanganyika, na nguo zilikwisha kuoza. Mwosha maiti akaulizwa: uliona alama gani ulipoosha? Akajibu kwamba alichokiona amekisitiri. Ndivyo walivyofunzwa waosha maiti wetu, kwamba anachokiona mwosha kwenye mwili wa mwenziwe ni amana, hakitoki. Walimtisha, wakamlaza gerezani siku moja, akatoka na neno lile lile.

Niliposikia jibu hilo nikajua ameona nini. Asiyeona kitu husema sikuona kitu.

Askari walikuja kwetu kumhoji baba mkwe. Walikaa naye daka, pale penye mabaraza ya mawe mlangoni, nami nilikuwa nyuma ya mlango na mama mkwe, tumeshikana mikono.

"Mzee," akasema askari, mtu wa bara, mpole kwa kweli, "mwanao alikuwa na alama yoyote mwilini? Kovu, jino lililong'oka, mfupa uliovunjika ukaungwa?"

"Hana alama."

"Yoyote ile, mzee. Hata ndogo."

"Bwana, nimekwambia. Mwanangu aliumbwa sawasawa kama wewe."

Mama mkwe aliuachia mkono wangu. Hatukutazamana.

Askari walipoondoka nilimfuata baba mkwe ukumbini. Kwa desturi sikuwa nikizungumza naye ila kwa salamu na haja za nyumba.

"Baba," nikamwambia, "na kidole?"

"Mwanangu," akasema, "mmoja nimekwisha kumpoteza. Kile kidole nikikitaja, yule aliye shimoni ana jina, na akiwa na jina kuna kesi, na kesi ya kuua kwa sirikali mwisho wake ni kamba. Wataka niwape wa pili kwa mkono wangu?"

"Sitaki, baba."

"Basi tusitaje."

Kamba au kidole, hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yangu. Ningeweza kutoka na buibui langu nikaenda kituoni nikasema. Nilifika mlangoni mara nyingi kwa mawazo. Lakini kila nilipofika niliona sahani, na ile sehemu ya samaki pembeni. Laiti ningelimchukia shemeji yangu, ningelipumzika.

Hata hivyo polisi walimshitaki, kwa mtaimbo na kwa maneno yake mwenyewe ya kufunika. Alipelekwa mbele ya hakimu. Baba mkwe alikuwepo, akatusimulia jioni akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, hali ambayo sikuwahi kumwona nayo.

Hakimu aliuliza kupitia kwa mkalimani, "Unajua uko wapi?"

"Arusini kwa ndugu yangu," shemeji akajibu. Akamtazama hakimu, akamtazama mkalimani. "Mbona huyu bwana hamjampa halua? Mwampa maji matupu?"

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza.

"Unajua unashitakiwa nini?"

"Nimechelewesha arusi."

"Ulimuua ndugu yako?"

"Nilimfunika," akasema, na sasa akaanza kulia. "Mumemfunua nyinyi. Jua hili lote, mumemfunua nyinyi."

Daktari alieleza kuwa mtu huyu hajui analoulizwa wala hawezi kujitetea. Hakimu akasema basi kesi haiwezi kusikizwa. Shemeji atapelekwa hospitali ya wenye maradhi ya akili Nairobi, akae huko kwa amri ya sirikali. Na siku atakapopona, atarudishwa ashitakiwe.

Mama mkwe alishukuru Mungu, akafikiri tumeokoka. Baba mkwe hakushukuru. Alikuwa ameyasikia vizuri yale maneno ya mwisho. Mwanawe akibaki mgonjwa, atabaki hai. Akipona, ataletwa kwenye kamba. Tangu hapo nilimwona mtu huyo, aliyekuwa haachi kuomba, akinyanyua mikono baada ya sala na kuishusha bila kusema kitu. Hakujua aombe nini. Akisema mponye, anamuua. Akisema usimponye, ni baba gani huyo?

Na sisi sote tukabaki ndani ya kimya chetu. Ilibidi kiendelee, maana kesi haikufa, imelala tu.

Nilikwenda kwa kadhi pamoja na mama mkwe kuulizia hali yangu. Kadhi alikuwa mtu mnene mwenye mafua yasiyokwisha, akiongea huku akijifuta pua. "Binti yangu," akasema, "katika madhehebu yetu mke wa aliyepotea ni mke wake mpaka ipatikane yakini. Niletee mashahidi wawili waadilifu kwamba yule aliyezikwa Ras Kitau ni mumeo, nami nitahukumu. Bila hivyo sina la kukufanyia."

Mashahidi waliokijua kile kidole walikuwepo. Mmoja alifungwa na amana ya maiti, mwingine alikuwa amekaa nyumbani kwake akiiogopa kamba, na mama mkwe, aliyekaa ubavuni kwangu, alitazama mkeka. Nikasema, "Ahsante, Shekhe," tukarudi.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Nilitaka kukaa eda kama wanavyokaa wanawake wengine, ile miezi minne na siku kumi, nivae nguo zangu za msiba, nimlilie mume wangu kwa jina, kisha nitoke nirudi kwa mama yangu. Watu wa Kizingitini waliokuja kuuza samaki walikuwa wakiniletea salamu zake. Kwanza walisema hajambo. Baadaye wakasema macho yanamsumbua. Kisha mmoja wao, mwanamke asiyejua kuficha, akaniambia, "Mama yako hatuoni tena. Hutujua kwa sauti. Akuulizia kila siku."

Nilimwomba ruhusa baba mkwe.

"Mke wa mtu hasafiri bila idhini ya mumewe," akasema.

"Nitamwomba wapi idhini, baba?"

Aligeuza uso. Haikuwa ukali. Nilijua anachoogopa. Nikirudi kwetu na mizigo yangu, mji mzima utasema wale wamekubali kuwa mtoto wao kafa, na polisi wana masikio kama watu wengine. Basi nikakaa. Nilipanda juu ya nyumba kuanika nguo, nikautazama mkono wa bahari na Manda ng'ambo yake, karibu hivi kwamba moshi wa wachoma chokaa niliunusa. Mume wangu alikuwa pale, chini ya mchanga, amesaliwa na watu wasiolijua jina lake. Nilimsomea Fatiha kimoyomoyo, kisha nikaogopa: je, nikimsomea kama maiti, si nimeshuhudia? Ndivyo akili inavyokuwa ikifungiwa.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Alitaka hitima ya mwanawe. Siku za mwanzo alisema kwa upole. Baadaye akawa hasemi na mumewe ila hilo.

"Watu wafa kila wiki nti hii," akamwambia, "wasomewa, watu wala pilau, wataja jina la maiti. Wangu alifanya kosa gani?"

"Ngoja."

"Ningoje nini? Afe mara ya pili?"

Mwishowe baba mkwe aliamua kwenda Nairobi kumwona yule mgonjwa. Zilikuwa zama za hali ya hatari iliyotangazwa na sirikali ya Kizungu, barabara zimejaa askari, na mzee wa Kiamu mwenye kanzu na kofia alisimamishwa na kupekuliwa tangu alipoingia bara. Aliporudi alikuwa amekonda. Hakupita nyumbani kwanza. Alikwenda kukoga msikitini, akaja, akatukalisha mimi na mama mkwe ukumbini.

"Nimemkuta mzima," akasema.

Mama mkwe alianza kumshukuru Mungu, kisha akakumbuka, akafumba mdomo kwa kiganja.

"Mzima namna gani?" nikauliza.

"Amenijua. Amenishika mikono. Amenisomea Yasini yote kwa kichwa, pale kitini, watu wakatusikiliza. Kisha akaniuliza, baba, ndugu yangu nilimuweka shimoni. Mumemtoa? Nikamwambia wamemtoa watu. Akaniuliza, mumemzika? Nikamwambia amezikwa. Akaniuliza, mumemsomea?"

"Ukamjibu nini?" mama mkwe akasema.

"Nikamwambia bado. Akasema, mbona bado, baba? Mbona bado?" Akajipangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Yeye ambaye namfichia, ndiye aniulizaye. Sina la kumjibu mtoto yule. Ndia ya kuficha imenishinda."

"Na kamba?" nikamwuliza. Ilikuwa lazima mtu aitaje.

"Kamba i mkononi mwa Mungu. Mimi niliishika nikadhani i mkononi mwangu."

Siku ya pili alikwenda kwa kadhi, na mwosha maiti wa Shela akaitwa. Mimi na mama mkwe tulikaa nyuma ya pazia. Baba mkwe alishuhudia kwamba mwanawe alizaliwa na vidole sita mguu wa kushoto. Alisema kwa sauti kubwa, kama anayeadhini, yeye ambaye alimpiga mtoto wa watu kwa jambo hilo. Kadhi akamgeukia mwosha maiti.

"Nawe?"

"Shekhe, mimi nilimsitiri."

"Umemsitiri, Mungu akusitiri. Lakini ushahidi nao haufichwi pale haki ya mtu inaposimama juu yake. Kidole alichokiumba Mola ni aibu?"

Mwosha maiti alifikiri. "Mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa na jiwe," akasema, "umekauka na ngozi yake. Ulikuwa na vidole sita. Nilipoumwagia maji ukaachana. Mungu anisamehe nikiwa nimekosa kusema, au nikiwa nimekosa kunyamaza."

Kadhi akahukumu kwamba yule wa Ras Kitau ni mume wangu, na kwamba alikufa siku ile mdogo wake aliporudi peke yake. Mama mkwe aliinama akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa siku hii. Nguo zangu za eda zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa.

"Shekhe," nikasema nyuma ya pazia, "basi nianze kukaa eda leo?"

Alipenga mafua yake kwanza. "Eda, binti yangu, huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si tangu siku ya kupata habari. Yako imekwisha zamani. Huna eda."

Sikufahamu. Nikauliza tena, akanijibu vile vile, polepole, kama unavyomjibu mtoto chuoni. Mlango ambao niliusukuma muda wote ule ulikuwa umekwisha kufunguka upande wa sheria, na hakuna hata mmoja katika sisi aliyeweza kujua, kwa kuwa hatukuwa tumesema amekufa. Mama mkwe, machozi bado yanamtoka, akanigeukia.

"Subhanallah! Na asumini yote niliyoipitisha mbali nawe!" Maua ya manukato mwanamke wa eda hayatii, naye alikuwa amenikalisha eda bila kusema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya kadhi, na kicheko kikageuka kilio, na mama mkwe akanikumbatia.

Hitima ilisomwa Ijumaa ile, na jina lake likatajwa. Polisi walikuja kuchukua maneno ya baba mkwe, akawapa yote. Kesi haikusikizwa hata hivyo. Mara mbili tulipata habari kuwa shemeji ataletwa mahakamani, na mara zote mbili maradhi yakamrudia kabla hajasafirishwa. Alifia huko huko, miaka mingi baadaye, hakuhukumiwa na hakuachiliwa, na Waislamu wa mji ule wakamzika. Sisi hatukuwahi kujua nini hasa kilitokea kule machimboni, na yeye alipokuwa mzima alisema hakumbuki ila jua. Lakini baba mkwe, tangu siku ile ya kadhi, nilimsikia akiomba kwa sauti: "Mponye, kisha ufanye upendalo." Alikufa akiiomba dua hiyo.

Mimi nilirudi Kizingitini. Baba mkwe mwenyewe alinipeleka, akanikabidhi kwa kaka yangu na maneno mazuri ambayo sitayaandika, maana yatakuwa kujisifu. Mama yangu alikuwa amekaa uani akichambua mchele kwa vidole, macho yameingia ukungu. Nikatoa salamu. Alisimamisha mikono juu ya ungo.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanishika uso, akaupapasa paji, pua, masikio, mpaka mabegani, hakuacha kitu.

"Ni yeye," akamwambia kaka yangu, kama aliyeulizwa. Kisha akanisogezea ungo. "Haya, nisaidie kutoa mawe. Mimi siyaoni."

Nilikaa chini nikachambua mchele.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujaalie wa kukutambua unapoishi na wa kukutaja kwa jina ukisha kufa. Aliyefungwa nyumbani mwako amfungulie, mgonjwa wako amponye, aliyepotea amrudishe kwako au akupe yakini yake. Amin.